Tunatengeneza onyesho jipya la vikaragosi kuhusu silikanti: tuanze na skripti au tuanze na samaki?

Kaskazi_Tanga

Habari za muda huu wakuu. Naomba mawazo ya watu wanaoijua kazi ya vikaragosi, wachezeshaji, mafundi, walimu wa sanaa, yeyote yule.

Sisi ni kikundi cha vijana hapa Tanga, tunacheza vikaragosi vya soksi na vya sponji kwenye shule za msingi, story fupifupi za kunawa mikono, usalama barabarani na mambo kama hayo. Sasa tumefika mahali tunataka kitu chetu wenyewe, kikubwa, kama dakika 40 hivi, na tumechagua silikanti. Kwa wasiomjua, ni yule samaki wa kale ambae wanasayansi walikua wanamjua kwenye mawe tu, wakaamini katoweka enzi za dinosaria, mpaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini dunia nzima ikashtuka. Hapa Tanzania wa kwanza kuripotiwa ni 2003, baada ya hapo huku Tanga wakawa wananaswa kwenye majarife ya papa yanayotegwa vilindini, na 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Sasa watoto wa Kigombe na Tongoni hayo ndo maji yao kabisa lakini ukiwauliza wengi hawajamuona huyu samaki hata kwenye picha. Inaniuma kwa kweli.

Story tuliyonayo ni ndogo tu. Kuna binti anaitwa Mwanaisha, baba yake mvuvi, bibi yake anaejua habari za zamani, na samaki mwenyewe. Baba anatega jarife, usiku mmoja binti anadandia ngalawa bila ruhusa, jarife linanasa kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Shida ni kwamba kikundi kimegawanyika. Nusu wanasema tuandike skripti yote kwanza, neno kwa neno, afu ndo tujenge vikaragosi kulingana na skripti. Mimi na wenzangu tunaona tumjenge samaki kwanza maana hatujui hata ataweza kufanya nini. Tunataka awe na urefu wa mita moja na nusu hivi, ila awe mwepesi, na aweze kukunjika akaingia kwenye Noah pamoja na sisi na spika. Pesa ni za mifukoni kwetu, hakuna mfadhili. Kuna mmoja anataka tutengeneze vichwa vya mpira kama vile vya XYZ Show, kile kipindi cha vikaragosi vya kejeli kwenye TV ya Kenya, naomba mnisaidie hapo pia.

---

Papeti_wa_Eastlands

Ndugu yangu wa Tanga pole na kazi, hii story nimeipenda sana. Mimi niko Nairobi na hizi papeti nimezicheza tangu nikiwa kijana.

Msiandike kwanza. Huku kwetu papeti za jamii zilishika sana miaka ya 90 wakati wa ukimwi, watu wa CHAPS, wale wacheza papeti wa elimu ya afya, walikuwa wanaenda sokoni, stegi za matatu, mashuleni, na mbinu nyingi zilitoka kwa wenzetu wa Afrika Kusini waliokuwa wameshaanza na maonyesho yao ya mitaani kuhusu ukimwi mwishoni mwa miaka ya 80. Unajua kwa nini ilishika? Mtu akisema mambo ya kitandani mbele ya mama mkwe wake ni aibu, watu wataondoka, lakini papeti akisema hayohayo wote wanabaki, wanacheka, na wanasikia. Papeti anaruhusiwa. Sasa hiyo ruhusa hauwezi kuipata kwenye karatasi, lazima usimamishe papeti mbele ya watu uone amebeba nini.

Vile tulikuwa tunafanya, unachukua hali moja tu, mfano "baba amerudi bila samaki na binti anataka ada ya shule", unawapatia watu wawili papeti, au hata mikono mitupu kama papeti hazijaisha, wanacheza dakika tano bila kuandikiwa chochote. Mtu mmoja anarekodi na simu. Mnarudia na watu wengine. Jioni mnakaa mnasikiza rekodi na mnaandika zile tu zilizofanya chumba kicheke ama kinyamaze. Skripti inatoka hapo, na inatoka fupi. Mtu akiandika peke yake mezani anajaza maneno, halafu papeti anasimama tu kama mtangazaji wa redio, mkono unauma na watoto wanaanza kuchokozana. Kama papeti amefanya jambo, asiliseme tena. Binti ameshika kamba ya jarife na amevutwa mpaka karibu aanguke majini, hakuna haja aseme "loo, ni kizito sana".

Kitu kingine na hiki ni muhimu kuliko vyote: huyo mvuvi msimfanye mtu mbaya. Hao watoto mtakaowachezea baba zao ni wavuvi. Ukimweka mvuvi kuwa adui umemtukana baba ya mtoto aliyekaa mstari wa mbele, na hiyo story itafika nyumbani vibaya. Mpeni sababu yake. Ana deni la wavu, ana ada, hajui amenasa nini. Halafu mkifika pale samaki yuko kwenye jarife simamisheni mchezo, mtangazaji atoke mbele ya pazia awaulize watoto baba afanye nini. Mtashangaa majibu.

Hayo ya mpira wa XYZ nitawaachia mafundi lakini niseme tu, ile ni kazi ya studio. Gado, mchora katuni ambaye ni mzaliwa wenu wa Dar, aliianzisha kwa kufuata vipindi kama vile vya Ufaransa na Uingereza, ikaanza kuonyeshwa Citizen 2009. Kuna wachongaji, kuna watu wa sauti, kuna kamera inayokaribia uso. Nyinyi mna uwanja wa shule na upepo.

---

MwlSanaa_Mwanza

Nakubaliana na mdau wa Nairobi kwa mengi ila kwenye suala la kuandika naomba nitofautiane nae kidogo, nikiwa mwalimu naongea kwa upande wa shule. Mwalimu mkuu hawezi kukuruhusu uingie na kitu ambacho hakipo kwenye karatasi, na ukipita kwa afisa elimu nako utaulizwa hivyohivyo. Kwahiyo andikeni ukurasa mmoja, mtiririko tu, nani anafanya nini na mtoto anaondoka akiwa anajua nini. Hiyo inatosha kuombea kibali na haiwafungi mikono. Mazungumzo yenyewe yatokane na mazoezi kama alivyosema.

La pili. Mtazame ngoma za huku kwetu usukumani, Bagika na Bagalu. Pande mbili zinashindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja na mshindi ni yule atakaevuta watu wengi upande wake, ndo maana kuna nyoka, kuna sanamu za mbao, kuna kila aina ya maajabu. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa utajifunza mengi kuhusu hayo mashindano. Na mcheza ngoma anaejua kazi hatoi ajabu lake mapema. Watu wanajua lipo, wamelisikia, linakaa limefunikwa, ngoma inapanda, ndo linatoka. Sasa kwenye story yenu naona hatari ya kumtoa samaki dakika ya tano kwasababu mmemtolea jasho kumtengeneza na mnataka aonekane. Mcheleweshe. Bibi amtaje. Jarife litikisike. Lionekane pezi moja tu juu ya pazia afu lipotee. Mtoto wa darasa la pili akishaona pezi moja hiyo shingo hairudi tena chini.

La tatu ni midomo, maana nimeona vikundi vingi vinaharibu hapa. Kiswahili karibu kila silabi inaishia na irabu, kwahiyo mchezeshaji akifungua mdomo kila silabi mdomo unapiga kama cherehani na mtazamaji anachoka haraka. Fungueni kwenye silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho wa neno, nyingine zipite mdomo ukiwa nusu. Chukua sentensi "Baba, jarife limenasa kitu kizito". Mdomo unafunguka vizuri kwenye BA, RI, NA, KI, ZI. Mara tano tu. Jaribu sasa hivi na mkono wako utaona. Na kinachotembea ni dole gumba kushuka chini, vidole vinne vya juu vinatulia. Ukiinua vile vinne kila neno linamrusha kichwa nyuma na kikaragosi anaonekana anaongea na dari.

---

Fundi_Henzirani_Keko

Wakuu nimepita hapa nikasoma nikaona nisikae kimya. Mimi ni fundi wa viti vya henzirani na nimeshajenga vifaa vya jukwaani kwa watu wa maigizo hapa Dar.

Kwenye mvutano wenu niko upande wa samaki, ila samaki wa maboksi. Chukueni maboksi ya dukani, gundi ya karatasi, kamba na fito, mjenge samaki wa ukubwa kamili kwa siku chache bila kujali sura. Mchezesheni. Mtakuta pezi limekaa mahali ambapo mkono haufiki, mkia mzito, mtu wa katikati haoni mbele. Yote hayo mnarekebisha kwa kisu na gundi bila kulia hela. Maboksi sio kitu cha kudharau, mwaka 2025 kulikua na msafara mkubwa wa wanyama vikaragosi ulioanzia Kinshasa ukapandisha mpaka kaskazini kabisa ya Norway, miundo ya wale wanyama ilitoka kwa kikundi cha Ukwanda cha Cape Town, na vifaa vyake vingi vilikua maboksi na plaiwudi.

Sasa samaki wa kweli. Wenye kazi hii hapa Afrika wanajulikana, Handspring wa Cape Town, walianza 1981, ndo waliojenga yule farasi wa mchezo wa War Horse kwenye jukwaa la London 2007. Angalieni picha zake kwa makini. Fremu ni henzirani iliyopindwa, juu yake kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na watu watatu, mmoja kichwani na wawili ndani ya mwili, na hawajifichi. Unawaona kabisa miguu yao na baada ya muda mfupi unawasahau. Kwahiyo msihangaike na pazia refu la kumficha kila mtu kwenye hiyo sehemu ya baharini.

Kwa samaki wenu ningefanya hivi. Mwili ukatwe vipande vitatu: kichwa na kifua, tumbo, mkia. Kila kipande ni pete za henzirani nyembamba, unailoweka mpaka ilainike, unaipinda kwenye ndoo au sufuria ya kipimo unachotaka, unaifunga ikauke hivyohivyo. Pete ziwe zinapungua kuelekea mkiani ili mkimaliza onyesho ziingiane, samaki mzima analala bapa na anaingia kwenye gunia. Kati ya pete na pete unganisheni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, sio waya, waya unakatika na unakwaruza. Tyubu inampa ule mnyumbuko wa samaki bila nyie kufanya kazi kubwa. Mapezi ni sponji ya godoro nyembamba, katikati fito, gundi ni ile ya viatu, ipake pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isinate kidole ndo ugandishe. Mfanyie nje kwenye hewa, ile harufu sio nzuri kwa kifua.

Kitambaa tumieni veli ya bibi harusi au shifoni. Kuna watu watawaambia mchukue vyandarua, msichukue, vile vina dawa na kazi yake ni kulalia.

Jicho lazima lisomeke kutoka benchi la mwisho. Duara jeupe, mboni nyeusi kubwa. Kwa silikanti mna bahati maana ni samaki wa gizani na jicho lake linarudisha mwanga, kwahiyo pembeni ya mboni wekeni stika za rifleka zile za pikipiki. Darasa likiwa na giza kidogo afu Mwanaisha akamulika tochi, lile jicho litawaka lenyewe.

Vichwa vya mpira sahauni kwa sasa. Unatakiwa uchonge udongo, utoe kalibu ya plasta, umimine mpira, na jua letu hili na mafuta ya mikono vinaula ule mpira taratibu. Kwa binadamu wenu watatu sponji na kitambaa vinatosha sana.

---

Kaskazi_Tanga

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Fundi hiyo ya pete kuingiana imenimaliza kabisa. Mwalimu nimejaribu hiyo sentensi na mkono nikawasomea na wenzangu, wote wanaichezesha hapa.

Tumekubaliana jambo moja, ukurasa mmoja wa mtiririko unaandikwa wiki hii, na maboksi yanaanza kukusanywa hukohuko. Ila nina maswali mawili. Samaki aongee au asiongee? Kuna wanaotaka awe na sauti nzito ya kizee, awape watoto historia yake. Na la pili, watu watatu kwenye mwili mmoja wanajuaje nani anatembea lini, maana tumejaribu na kanga tatu zilizofungwa tukawa tunagongana.

---

BintiBahari

Nimesomea mambo ya viumbe wa bahari, sio mtu wa maigizo, ila kwenye huyu samaki naomba nisikilizwe maana mwendo wake peke yake ni onyesho.

Silikanti haogelei kwa kupigapiga mkia kama changu au jodari. Yale mapezi yake ya chini yana nyama na mfupa ndani, yanatoka nje mithili ya viungo, na anayachezesha kwa kupokezana. Pezi la mbele la kushoto linakwenda pamoja na la nyuma la kulia, afu wanabadilishana, vilevile mnyama wa miguu minne anavyotembea, ila yeye hatembei chini, yupo majini anaelea. Kwahiyo anakwenda polepole sana, anajiachia na mkondo, mkia mkubwa anautumia akitaka kuruka ghafla tu. Na wakati mwingine anasimama kichwa chini mkia juu, anakaa hivyo. Mchana wanajificha mapangoni kadhaa pamoja, usiku ndo wanatoka kutafuta chakula. Rangi ni bluu iliyokolea na madoa meupe, na madoa ya kila mmoja ni tofauti, watafiti wanawatambua kwa hayo madoa.

Sasa fundi amegawa vipande vitatu, mimi ningegawa mapezi pia hivyohivyo, wa mbele anashika yale mawili ya mbele, wa katikati yale mawili ya nyuma, wa mkiani mkia tu na anakaa kimya muda mrefu mpaka jarife linapomshtua samaki, hapo ndo mkia unafanya kazi mara moja kwa nguvu. Watoto wataona tofauti bila kuambiwa.

Kuhusu kuongea, tafadhali asiongee. Kuna utafiti wa 2021 uliosoma mistari ya ukuaji kwenye magamba, ukaonyesha wanaweza kuishi karibu miaka 100 na mimba yao inachukua kama miaka mitano. Anazaa watoto hai, hatagi. Miaka mitano tumboni! Hiyo habari aiseme bibi. Bibi akimwambia Mwanaisha "huyu akibeba mimba wewe ukiwa darasa la kwanza, atajifungua ukiwa darasa la sita", mtoto yeyote wa shule atapiga hesabu mwenyewe hapohapo. Akisema samaki inakua tangazo.

---

Papeti_wa_Eastlands

Dada hapo umemaliza, samaki asiongee. Wanaoongea wawe wale watu, na samaki akiingia wote wanyamaze, hata spika. Hiyo kimya ndio itamfanya mkubwa.

Kuhusu kugongana. Wajapani wana vikaragosi vya bunraku, watu watatu kwa kikaragosi mmoja, mkubwa wao anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hawaambiani kitu kwa mdomo. Mkubwa anatoa ishara kwa mwili wake na wenzake wanaifuata, na kwa desturi mtu alikuwa anakaa kwenye miguu miaka na miaka kabla hajapanda. Hamna hiyo miaka lakini kanuni chukueni: kichwa ndio kinaongoza, basi. Hakuna kura.

Na ishara yenyewe iwe pumzi. Hawa Handspring ndio wanasisitiza sana hii, kikaragosi kabla hajatembea anapumua, na mkipumua pamoja mwili unakuwa mmoja. Fanyeni mazoezi bila samaki kwanza. Simameni watu watatu mstari mmoja, wa mbele avute pumzi ya kusikika, wa nyuma wavute nae, akitoa mnapiga hatua. Akikosa kuvuta hakuna anayesonga. Fanyeni mpaka mtu wa pembeni ashindwe kujua nani anaongoza. Halafu mchukue samaki wa maboksi na pumzi ihamie kwenye mashavu yake, fundi awawekee yale mashavu yafunguke kwa kamba kidogo inayovutwa na kidole cha wa mbele. Shavu linafunguka, pezi linafuata. Samaki anayepumua tu bila kwenda popote watoto watamwangalia muda mrefu kuliko unavyofikiria.

Na macho yenu nyote watatu yaangalie samaki, sio hadhira. Mtazamaji anaangalia pale unapoangalia wewe.

---

MwlSanaa_Mwanza

Niongeze mambo ya uwanjani tu. Mkifika shule chagueni upande ambao jua liko mgongoni kwa watoto, wakikodolea jua hawaoni kitu hata mcheze vipi. Mkichezea nje kwa huko pwani angalieni upepo, msimu wa kusi samaki wa mita moja na nusu mwenye kitambaa anageuka tanga, ndo faida nyingine ya ile veli ya fundi, upepo unapita. Mnaweza kuomba darasa kubwa mkafunga madirisha kwa kanga, mnapata giza la tochi na sauti haipotei.

Sauti msirekodi. Najua spika inarahisisha, ila mtoto akijibu kitu cha ajabu na Mwanaisha hawezi kumjibu kwasababu anaongea kutoka kwenye flashi, mmepoteza darasa zima. Ongeeni laivu, maiki moja ya kichwani kwa mtangazaji, na watoto wakae karibu, wadogo chini mbele, wakubwa nyuma kwenye madawati.

Na samaki wa maboksi mkishamuweza mpelekeni kwenye darasa moja tu kabla hamjanunua hata henzirani. Mmoja wenu asicheze, akae nyuma ya darasa na daftari, aandike dakika gani watoto wamegeuka kuongea na mwenzao na dakika gani wameinuka kwenye madawati. Msiwaulize "mmependa?", watasema ndio kwa heshima. Waambieni wachore walichokiona. Kama michoro yote ina mapezi basi mmefanikiwa, kama ina watu watatu waliobeba boksi rudini mazoezini.

---

Kaskazi_Tanga

Hii ya kuchora tunaifanya kama ilivyo. Fundi swali dogo la mwisho, rangi ya bluu tutumie ya maji au ya mafuta? Na tunapaka lini, kabla ya kushona kitambaa au baada?

---

Fundi_Henzirani_Keko

Ya maji. Ya mafuta inakakamaza kitambaa, inapasuka kwenye mikunjo na inaongeza uzito ambao mtauhisi mabegani. Ipunguzeni na maji mengi, tieni gundi nyeupe ya mbao kidogo ishike, mpake kwa kipande cha sponji mkigusagusa, sio kwa brashi, ili veli isizibe matundu yake. Pakeni baada ya kuvalisha kitambaa kwenye pete, samaki akiwa amening'inizwa, maana rangi ya mezani ikishavutwa kwenye umbo inakua na mabaka. Kabla ya rangi kila mtu abebe kipande chake juu kwa urefu wa scene nzima, mkono ukitetemeka punguzeni pete, msiseme tutazoea.

Madoa meupe mwisho kabisa. Na kwa alivyosema huyo binti wa bahari, mkishayapaka mpigeni picha pande zote mbili mzihifadhi, kitambaa kitachanika tu siku moja huko mnakozunguka, mkibadilisha kiraka mrudishe kila doa mahali pake, maana kuna mtoto atakua ameshalikariri.